Fungua Mabano Leo Hii

Mdogo wangu wa Beni, nawe wa Butembo, masomo yenu yamekatika mara nyingi mno. Mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 yametoa familia vijijini na kuzisukuma mpaka Oicha, mpaka Butembo. Ebola ikatangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na kabla haijaisha Juni 2020, korona nayo ikafunga shule za nchi nzima. Aliyekosa aljebra ya mwaka wa saba hakukosa kwa uvivu. Hata hivyo deni lile linamfuata kila darasa, mpaka mtihani wa serikali, Exetat, kwa sababu milinganyo mingi atakayokutana nayo inamtaka ajue kufungua mabano.

Deni hilo unaweza kulilipa wewe mwenyewe, na uanze leo. Nusu ya somo umeshalisikia sokoni.

Mteja amechukua vipimo saba vya maharagi, tuseme kimoja ni franka 2900. Mama muuzaji hashiki kalamu. Elfu tatu mara saba, elfu ishirini na moja, toa mia saba, lete 20300. Andika alichofanya:

7(3000 − 100) = 7 × 3000 − 7 × 100

Ile saba imezidisha vyote viwili vilivyomo ndani. Angetoa mia moja tu, angedai 20900, na mteja angemsimamisha papo hapo. Sheria yote ni hiyo: kilicho nje kinamzidisha kila aliye ndani, hakuna anayerukwa.

Sasa 3(x + 4). Jibu ni 3x + 12, lakini daftari nyingi zina 3x + 4. Mwalimu hayupo? Weka 2 pahali pa x. Ndani ya mabano unapata 6, mara tatu ni 18. Jaribu 3x + 12: ni 18. Jaribu 3x + 4: ni 10, basi limeanguka. Rudia na namba nyingine. Hii ndiyo sababu naipenda aljebra kwa watoto wa kwetu: shule ikifungwa, bado unao uwezo wa kujisahihisha, na hakuna wa kukufungia huo.

Alama ya kutoa ndiyo inayowaangusha wengi. −2(x − 5) ni −2x + 10. Kwa nini +10? Umeambiwa hasi mara hasi ni chanya, ukakariri kama amri. Dai sababu! Tazama −2(5 − 5). Ndani ni sifuri, kwa hiyo jibu ni sifuri. Fungua mabano: −2 mara 5 ni −10, kisha inabaki −2 mara −5. Hiyo ya pili lazima iwe +10, la sivyo sifuri haipatikani. Mistari miwili tu, na amri imegeuka kuwa jambo unaloweza kumthibitishia mtu yeyote.

Na (x + 3)²? Usiandike x² + 9. Fanya kama Euklide Mgiriki alivyofanya zaidi ya miaka 2000 iliyopita: chora. Tuseme x ni 10: mraba wenye upande wa 13, kila upande ukatwe 10 na 3. Unapata vipande vinne: 100, 30, 30 na 9, jumla 169. Mwenye kuandika 10² + 3² ana 109. Ametupa vipande viwili vizima. Kwa hiyo ni x² + 6x + 9, na ile 6x umeiona kwa macho yako.

Jioni hii, kabla giza halijaingia, fungua hizi: 5(x − 7), −3(2x + 1), (x + 2)(x − 6). Weka 1 pahali pa x, kisha 4, ulinganishe. Zisipolingana, tafuta aliyerukwa. Zikilingana, mwite jirani aliyekosa masomo kama wewe, mpe −4(x − 9), na usimfanyie: mwache aijaribu mwenyewe kwa namba.