NANI ATAMTANDIKIA PUNDA?

Neno la Mchungaji
Masomo: 2 Samweli 4:4, 9:1-13, 16:1-4, 19:24-30



Wengi wetu tunamjua Mefiboshethi kama yule kiwete aliyekula mezani pa mfalme. Tunasahau kwamba alilemaa siku ya kukimbia. Alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika nyumbani. Yaya wake akamnyakua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akaharibika miguu yote miwili. Akina mama mliotoka usiku na watoto mgongoni, hamhitaji mtu wa kuwaeleza mstari huu.

Baadaye Daudi alimwita, akamrudishia mashamba ya babu yake, akampa nafasi mezani pake kila siku. Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi wake 20, akaamriwa kumlimia. Mahubiri mengi huishia hapo, tukasema Amina. Leo tuendelee mbele.

Absalomu alipoasi, Daudi mwenyewe aligeuka mkimbizi. Njiani akakutana na Siba akiwa na punda wawili waliotandikwa, mikate 200, zabibu, matunda na divai. Mfalme akauliza, bwana wako yuko wapi? Siba akajibu kwamba amebaki Yerusalemu, anatumaini kurudishiwa ufalme. Daudi hakuuliza neno la pili. Papo hapo akampa Siba mali yote.

Vita vilipokwisha, Mefiboshethi akaja kumlaki mfalme. Miguu yake haikutunzwa, ndevu hazikukatwa, nguo hazikufuliwa tangu siku mfalme alipoondoka. Akaulizwa, mbona hukwenda pamoja nami? Akaeleza kwamba alitaka atandikiwe punda, apande, aende, kwa kuwa yeye ni kiwete. Lakini mtumishi wake alimdanganya.

Ndugu zangu, tuangalie vizuri. Punda walikuwapo. Watu walikuwapo: Siba, wana 15 na watumishi 20, jumla watu 36. Chakula hakikukosekana. Lakini mtu huyu aliyeshiba kila siku hakuweza kutoka langoni saa aliyotaka. Na kwa sababu hakuweza kutoka, akaitwa msaliti.

Sasa naungama mbele yenu. Katika makazi yetu kuna mzee mmoja aliyekuwa mwanajeshi ujanani mwake. Bomu lililotegwa ardhini lilimkata mguu. Silaha aliziweka chini miaka mingi kabla ya kuvuka mpaka, wala malipo ya uzeeni hayakumfuata huku. Mzee huyu alikosa ibada miezi mitatu. Katika kikao cha wazee mmoja akasema amepoa kiroho. Mwingine akasema wanajeshi ndivyo walivyo. Mimi mchungaji wenu nilinyamaza.

Nilipomtembelea nikakuta gongo lake limevunjika, limefungwa kwa kamba ya mpira, na kwapa lina kidonda. Njia ya kuja kanisani, mvua ikinyesha, hata mwenye miguu miwili anateleza. Bodaboda humtoza zaidi, kama mzigo. Mjukuu wake amekwisha kukosa shule mara nyingi ili amshike mkono siku ya mgao na siku ya dawa, naye mzee hataki kumkosesha tena.

Nikamwambia, “Mzee, tutatuma vijana wakubebe.” Akajibu, “Asante, Mchungaji. Lakini anayebebwa huenda siku wabebaji wana nafasi. Mimi natamani kwenda siku ninayotaka mwenyewe.” Nikakosa la kusema. Tulifanya kama Daudi: tulisikia upande mmoja, tukakata shauri.

Najua wengine mtasema, yule alikuwa mwanajeshi. Wapo kati yetu waliokimbia watu waliovaa sare, na siwaambii msahau haraka. Lakini kumbukeni, Mefiboshethi alikuwa mjukuu wa Sauli, aliyemwinda Daudi nyikani kama mnyama. Daudi hakumlipisha mjukuu deni hilo.

Mliotoka Goma mnawakumbuka wenye ulemavu wanaovuka kwenda Gisenyi na baiskeli zao za mikono, zile za magurudumu matatu, zimejaa bidhaa. Mtu akipata chombo cha kumfikisha sokoni, analisha watoto wake. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Uganda iliyotupokea iliuridhia mwaka 2008, unasema katika kifungu cha 20 kwamba mtu asaidiwe kwenda kwa namna na wakati anaochagua mwenyewe, kwa gharama anayoiweza. Huyo ndiye punda wa Mefiboshethi.

Basi tufanye mambo matatu.

Kwanza, tuulize kabla ya kuhukumu. Mtu asipoonekana ibadani, tuende kwake kabla ya kusema juu yake.

Pili, tumtandikie punda. Sadaka ya Jumapili ya mwisho wa mwezi itaanza mfuko wa baiskeli ya mikono. Mafundi wetu wa baiskeli, tunaomba mikono yenu. Itakuwa mali yake, si ya kanisa, wala hatamwomba mzee wa kanisa ruhusa ya kuipanda.

Tatu, tutengeneze njia. Jumamosi vijana waje na majembe. Ngazi ya mlango wa kanisa tuigeuze mteremko wa mawe na udongo, na mfereji ule wa njiani tuuzibie daraja.

Katika Marko 2 watu wanne walimbeba mwenye kupooza hadi kwa Yesu, na Bwana aliiona imani yao. Lakini safari ya kurudi hawakumbeba tena. Alikwenda nyumbani mwenyewe, na godoro lake mkononi.

Ee Bwana, utusamehe tuliowaita wavivu wale tuliowafungia njia. Utupe mikono ya kutandika. Amina.

Mchungaji wenu katika Kristo