Je, Sisi Tulikuwa Nyasi?

Nikimwambia mtu kwamba ninasomea falsafa na tasnifu yangu ya uzamili inahusu Vita Baridi, jibu huwa lile lile: "Ah, wapiganapo tembo, nyasi huumia." Nimelisikia kwa mhadhiri, kwa kondakta wa daladala, na kwa mjomba wangu tukiwa msibani. Husemwa kwa kutikisa kichwa, kana kwamba methali imeshafunga mjadala. Mimi nataka kuufungua. Nadhani methali hii, tukiitumia kuieleza miaka ile kati ya 1945 na 1991, inatutendea wema mmoja na ubaya mmoja, na ubaya wenyewe bado tunaulipia.

Tuanze na wema. Methali inasema kweli kuhusu uzito. Marekani na Umoja wa Kisovieti waliogopana kiasi kwamba hawakutangaziana vita hata siku moja, lakini watu wa Korea na Vietnam walikufa kwa mamilioni, na Angola iliendelea kuzika watu hata baada ya ukuta wa Berlin kuanguka. Aliye na kifaru na ndege hana uzito sawa na aliye na jembe. Anayesahau hilo hawezi kuzungumza haki.

Congo ndiyo mfano unaoumiza zaidi. Hata kabla ya Vita Baridi kuanza, urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, na hakuna mchimbaji aliyeulizwa anachimba kitu gani. Nchi ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Kabla wiki mbili hazijaisha, jeshi lilikuwa limeasi, askari wa Ubelgiji wameingilia kati, na Moïse Tshombe ametangaza kuwa Katanga, jimbo lenye shaba na kobalti, imejitenga. Patrice Lumumba aliomba msaada Umoja wa Mataifa. Alipoona hawako tayari kuirudisha Katanga kwa nguvu, akawageukia Wasovieti, wakampa ndege na malori. Kwa Washington hilo lilitosha. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani ilieleza hadharani jinsi CIA ilivyopanga kumuua Lumumba kwa sumu.

Sumu haikutumika, kwa sababu haikuhitajika. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba alipelekwa kwa ndege hadi Elisabethville, mji tunaouita Lubumbashi leo, akapigwa risasi usiku huo pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilisema kwamba baadhi ya mawaziri wa nchi hiyo walikuwa na wajibu wa kimaadili katika kifo hicho. Mwaka 2022 familia yake ilirudishiwa jino lake, ndicho kitu pekee kilichobaki katika mwili wake.

Hapo methali inatosha? Tuutazame usiku ule tena. Waliomkamata Lumumba walikuwa askari wa Mobutu. Waliompiga ndani ya ndege walikuwa Wakongo. Kwenye kichaka alichouawa walikuwepo maofisa wa Ubelgiji, na alikuwepo pia Tshombe na baadhi ya mawaziri wake. Walikuja kwa magari, wakasimama, wakatazama. Wahenga hao hao waliotuachia methali ya tembo walituachia nyingine: kikulacho ki nguoni mwako.

Ninapoyasema haya kwenye semina, kuna wenzangu wanaokasirika. Wanaona ninapunguza kosa la Brussels na Washington. Nawaelewa, lakini hesabu yao inachukulia lawama kama sahani ya ugali, kwamba nikimmegea Tshombe tonge, la Mbelgiji linapungua. Lawama haigawanywi hivyo. Watu wawili wakimshika mtu mikono na wa tatu akamchoma kisu, kila mmoja ana mauaji mazima. Mbelgiji anabaki na lake lote, Tshombe na lake lote, na aliyepanga sumu ambayo haikutumika naye ana la kujibu.

Huo ndio ubaya wa methali. Nyasi haina nia, kwa hiyo haina kosa. Tukijiita nyasi tunasamehewa kila kitu kwa mkupuo mmoja: waliosaliti, waliouza, waliomwita jirani "mkomunisti" au "kibaraka wa mabeberu" ili wachukue cheo chake au shamba lake. Maneno yale yalitoka mbali, lakini vidole vilivyoelekezwa vilikuwa vya hapa hapa. Msamaha huu una gharama yake. Nyasi isiyoweza kulaumiwa haiwezi kusifiwa pia. Ukiwafuta wasaliti, umewafuta na waliokataa.

Hata tembo wenyewe, ukiwasogelea, unakuta watu. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983 afisa wa Kisovieti aliyeitwa Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha siri karibu na Moscow. Mitambo ilimwambia kwamba Marekani imerusha kombora, kisha mengine manne. Petrov alifikiri: nani anaanza vita vya nyuklia kwa makombora matano? Akaripoti kwamba mitambo ina hitilafu. Baadaye ilibainika kuwa setilaiti ilikuwa imedanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu. Mtu mmoja, ndani ya tumbo la tembo, hakukubali kuwa kiungo tu. Kama ndani ya dola kubwa kulikuwa na nafasi ya kuamua, kwa nini tuseme huku kwetu haikuwepo?

Ilikuwepo, na mwaka 1965 Tanzania iliitumia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikafungua ubalozi Unguja. Mwezi Aprili ukaja Muungano. Tanganyika ilikuwa ikipokea msaada wa Ujerumani Magharibi, na Ujerumani Magharibi ilikuwa na msimamo ulioitwa Hallstein: nchi itakayoitambua Ujerumani Mashariki ivunjiwe uhusiano. Nyerere alitafuta njia ya katikati. Ubalozi wa Unguja ufungwe, na Ujerumani Mashariki iruhusiwe konsuli kuu tu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi kama dola. Bonn haikuridhika. Februari 1965 ikaondoa ghafla wataalamu wake waliokuwa wakisaidia kuanzisha kikosi cha anga na polisi wa majini. Nyerere akajibu kwa namna ambayo watoa misaada hawajaizoea: kama msaada ni kamba ya kutuvutia, basi chukueni na uliobaki.

Desemba mwaka huo huo nchi ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Hizo zilikuwa fedha nyingi kwa nchi iliyokuwa na miaka minne tangu uhuru. Nyasi haikatai mvua.

Msomaji atauliza: unatuletea hadithi ya shujaa? Hapana. Serikali hiyo hiyo iliyokataa kuamrishwa na Bonn ilikuwa na sheria ya mwaka 1962 iliyoiruhusu kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Na Zanzibar, marafiki kutoka Ujerumani Mashariki waliojenga nyumba za ghorofa Kikwajuni ndio waliosaidia pia kufundisha watu wa usalama. Familia ilipata choo cha ndani na maji ya bomba, na jirani akapata kazi ya kusikiliza inasema nini. Uhuru wa nchi kuamua haukuwa uhuru wa kila raia kusema. Lakini hili nalo linathibitisha ninachosema: aliyeweza kukataa aliweza pia kutenda mabaya, na tunamdai jibu kwa yote mawili.

Sasa nije kwenye swali linalonikosesha usingizi zaidi. Kukataa ni rahisi kukueleza. Kupokea je? Mtu anaweza kupokea kutoka kwa mwenye nguvu bila kununuliwa?

Reli ya TAZARA inanisaidia kulifikiria. Benki ya Dunia ilikuwa imesema mradi huo hauna faida. China, nchi iliyokuwa maskini yenyewe na iliyokuwa imegombana na Moscow, ikakubali mwaka 1967 kutoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa mwaka 1976. Miaka hiyo hiyo Wamarekani walikuwa wanasaidia kujenga barabara ya lami kwenda Zambia. Reli ya wakomunisti na barabara ya mabepari zinakwenda upande mmoja, na kuna sehemu zinakaribiana kiasi kwamba abiria wa treni anaweza kulipungia mkono basi.

China ilikuwa na nia yake. Ilitaka marafiki Afrika, na ilitaka kuwaonyesha Wasovieti na Wamarekani kwamba nayo ipo. Je, nia hiyo inaichafua zawadi? Kant alifundisha kwamba ni kosa kumtumia mtu kama chombo tu. Wanafunzi wengi hulikumbuka neno "chombo" na kulisahau neno "tu", wakati uzito wote uko hapo. Fundi ananitumia mimi kupata riziki, mimi namtumia yeye kupata meza, na hakuna aliyedhalilika, maana kila mmoja anajua mwenzake ana shughuli yake na anaiheshimu.

Babu yangu upande wa mama alikuwa kibarua kwenye ujenzi ule, upande wa Mlimba, ambako mahandaki na madaraja yalikuwa mengi. Nilimuuliza kama walijua kwamba Wachina walikuwa na ajenda yao. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kama maji yanalowesha. "Tulijua kila mtu ana lake," alisema. "Na sisi tulikuwa na letu." Kisha akanieleza kuhusu Wachina aliowaona wakifa kazini, na kuhusu uji waliokunywa pamoja. Makaburi ya Wachina yapo Gongo la Mboto, zaidi ya 60. Hao nao siwezi kuwaita tembo.

Kutokana na maneno ya babu nimejitungia kipimo. Si cha kisayansi, lakini kinafanya kazi. Nikipokea kitu, najiuliza: jambo hili ninalolitenda kwa rafiki yangu, ningelitenda kama asingenipa kitu? Oktoba 1971 Tanzania ilipigania Beijing ipewe kiti chake Umoja wa Mataifa, na wapo waliosema tunalipa deni la reli. Lakini Tanganyika iliitambua serikali ya Beijing tangu Desemba 1961, miaka sita kabla ya mkataba wa reli. Imani ilitangulia zawadi. Ingekuwa kinyume, ningesita kuiita imani.

Kipimo hiki nimekigeuzia mwenyewe, maana ninasoma kwa ufadhili wa serikali ya nchi moja kubwa. Sitaitaja. Rafiki yangu wa karibu anafadhiliwa na hasimu wa nchi hiyo. Tukikaa kantini tunalinganisha posho na kucheka kwamba sisi ni ubalozi mdogo wa dunia mbili. Kicheko kilipungua siku tuliyoitwa sisi wafadhiliwa kurekodiwa video, tukapewa karatasi yenye sentensi za kusema. Moja ilisema nchi ile haijawahi kuingilia mambo ya Afrika. Sura ya tatu ya tasnifu yangu inahusu namna ilivyoingilia. Nilishukuru kwa ada, kwa vitabu, kwa chumba chenye dirisha, na nilishukuru kwa dhati. Sentensi ile niliiruka. Mwenye kamera aliniambia nirudie, nikairuka tena. Ufadhili wangu unatakiwa kuhuishwa mwezi Juni, na mpaka ninapoandika haya sijapata barua.

Wazazi wangu wanaona nimefanya fadhila za punda. Nimelifikiria hilo kwa uzito, kwa sababu mtu asiyejua kushukuru ni mtu mbovu popote. Ila shukrani ninaielewa kuwa ni kutambua kwa ukweli jema ulilotendewa. Uongo hauwezi kuwa shukrani, hata ukisemwa kwa tabasamu. Anayenidai uongo kama malipo amebadilisha zawadi yake kuwa bei, na bei ninayo haki ya kuikataa, hata kama kukataa kutanigharimu mwaka wa masomo.

Leo magazeti yanasema kuna vita baridi vipya, na kobalti ya Kolwezi imo katikati kama urani ilivyokuwa zamani. Tayari nasikia methali ya tembo ikiandaliwa. Kabla hatujaisema, tuombe mikataba isomwe. Mwishoni mwa kila mkataba pana sahihi mbili, na moja huwa ya mtu wetu, mwenye jina na ofisi. Aulizwe alichopata, alichokataa, na kama angetia sahihi ile ile bila kupewa kitu. Akiwa na jibu zuri, tumsifu.