Je, Jicho Latosha Kuwa Shahidi?

Husema mtu, "Nimeona kwa macho yangu," akadhani kwamba neno hilo limekata shauri. Yatupasa tuulize: jicho huona nini khasa?

Mwanachuoni Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho hupokea nuru na rangi. Ama umbali na ukubwa, hivyo hutambulikana kwa akili kupima na kulinganisha, upesi hata mtu asijue kuwa amepima. Wataalamu wa leo wamezidi kubainisha. Picha iingiayo jichoni ni bapa, haina kina. Macho mawili yameachana kiasi cha sentimita 6, na kila moja hupata picha iliyo mbali kidogo na ya mwenziwe. Ubongo huzilinganisha, ndipo kina kikadhihiri. Fumba jicho moja, ujaribu kupenyeza uzi katika tundu la sindano, utaiona taabu yake.

Walakini kwa vitu vya mbali tofauti hiyo hupungua mno, na ubongo hutegemea mazoea. Sisi wa Eldoret tukienda Iten, tukasimama ukingoni mwa bonde la Kerio, milima ya Tugen iliyo ng'ambo huonekana karibu hewa ikiwa safi, na siku ya ukungu huonekana mbali. Milima haikusogea hata shubiri.

Mwaka 1961 Mwingereza Colin Turnbull alisimulia habari za kijana wa Kimbuti aitwaye Kenge, aliyekulia katika msitu wa Ituri, Kongo, ambako miti haimwachi mtu kuona mbali. Alipofikishwa uwandani akaona nyati kwa mbali, aliuliza ni wadudu gani wale. Asichekwe. Macho yake yalikuwa mazima. Alihukumu kwa mazoea yake, kama tuhukumuvyo sisi kwa yetu.

Basi ikiwa kuuona mlima ni hukumu, kumwona mwanadamu je? Umemwona jirani usiku, kwa mbali, akitoka mlango fulani. Jicho limekupa umbo tu. Aibu uliyomvika umeitunga wewe. Ukiitangaza, heshima yake haitarudi.

Hatusemi macho hayafai, kwani hukumu haziendi bila mashahidi. Twasema shahidi apambanue alichokiona na alichokidhani. Kenge alipokaribia, wale wadudu walizidi kukua hata wakawa nyati. Nasi tukaribie kwanza, ndipo tunene.