Mwalimu Aliyesoma Kitabu Kizima Bila Kujisikiliza

Buswahili, wilayani Butiama, mkoani Mara, aliishi mwalimu mmoja mstaafu aliyesifika kwa usomaji wake. Enzi zake darasani, alipofungua kitabu cha hadithi, hata watoto watundu walitulia. Baada ya kustaafu alisikia kwamba watoto wasioona wa shule moja mkoani wanahitaji vitabu vya kusikiliza, kwa sababu vile vya nukta nundu ni vichache, vinene na vizito kubeba. Akajitolea kuwasomea. Hakuna aliyemwahidi malipo, wala yeye hakuyataka.

Kitabu alikichagua kwa busara. Alichukua ngano za Kiswahili zilizokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870. Steere alifariki mwaka 1882, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo ngano hizo hazina mwenye kudai ruhusa. Ndani yake mna kisa kirefu cha Sultani Darai na paa, kisa ambacho mtoto akikianza hataki kulala kabla hakijaisha.

Nia ilikuwa njema, kitabu kilikuwa kizuri, na msomaji alikuwa hodari. Kasoro ilianzia kwenye chumba.

Mwalimu alirekodi sebuleni. Sebule yake ilikuwa na sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa plasta na paa la mabati lisilo na dari. Aliiweka simu katikati ya meza, akaegemea kiti chake na kupaza sauti kana kwamba wanafunzi wako mbele yake. Alisoma mchana, kazi za nyumbani zikiisha. Saa hizo jua huwa limeyachoma mabati nayo yanaalika, mashine ya kusaga inanguruma upande wa pili wa njia, bodaboda zinapita na jogoo anawika bila kujali saa. Yeye hakuyasikia hayo yote. Sikio la mtu aliyezoea nyumba yake huchagua la kusikiliza na kuyaacha mengine. Maikrofoni haichagui. Hupokea kila kinachoifikia, na chumba kitupu chenye kuta ngumu huirudisha sauti ya msomaji ikiwa mwangwi, hivyo neno moja hufika mara mbili, la pili likilikanyaga la kwanza.

Hivyo ndivyo alivyoendelea, ngano baada ya ngano, wiki baada ya wiki, bila kusikiliza hata ukurasa mmoja wa alichorekodi. Aliona kusikiliza ni kupoteza muda ambao angeweza kuutumia kusoma.

Kazi ilipokamilika alipeleka mafaili kwa kijana mwenye duka la steshenari na kompyuta, anayejua kutumia Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Kijana alijitahidi. Programu hiyo huonyeshwa sekunde chache za kelele tupu, ikajifunza zilivyo, kisha ikazipunguza katika rekodi nzima. Kwa mvumo usiobadilika, kama wa feni au jokofu, husaidia kiasi. Lakini mlio wa bodaboda hubadilika kila nukta, jogoo huwika juu ya neno lenyewe, na mwangwi ni sauti ileile ya msomaji. Kijana alipoongeza nguvu ya kusafisha, kelele zilipungua na sauti ya mwalimu ikapungua pamoja nazo. Ikawa nyembamba, yenye mlio wa debe, na herufi s na f zikapotea.

"Mwalimu," alisema kijana, "hiki kilichoingia hakitoki chote."

"Tuwapelekee hivyo hivyo," mwalimu akajibu. "Watoto wamesubiri sana."

Siku chache baadaye alipigiwa simu na mwanafunzi mmoja.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hadithi mmezipenda?"

"Tumezipenda, mwalimu. Lakini maneno mengine hatukuyapata. Tulirudisha nyuma, tukarudisha tena, mwisho wenzangu wakaomba tuzime. Samahani, mwalimu."

Mtoto aliomba samahani kwa kosa lisilo lake, na hilo ndilo lililomuuma mwalimu. Kitabu kizima kikabidi kisomwe upya.

Yeyote anayejitolea kusoma vitabu na azingatie hapa. Rekodi iliyoingiwa na kelele ni sawa na maziwa yaliyotiwa maji: hakuna chujio la kuyatenganisha tena. Kazi ya kusafisha sauti hufanywa kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji fedha.

Tuanze na chumba. Mara ya pili mwalimu aliiacha sebule akahamia chumba cha kulala, chenye kitanda, nguo na mapazia. Alisimamisha godoro ukutani nyuma ya simu, na mgongoni pake akatundika blanketi zito, maana sauti inayotoka mdomoni hugonga ukuta wa mbele na kurudi, na ule wa nyuma nao hurudisha. Vitu laini na vinene humeza mwangwi. Kanga moja nyepesi haitoshi. Hata hivyo, godoro na blanketi haviwezi kuzuia kelele za nje. Hizo huepukwa kwa kuchagua saa.

Kila nyumba ina saa zake. Usiku wa mvua vyura na nyenje hujaza hewa. Alfajiri kuna majogoo, na jua likichomoza mabati huanza kualika. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna la kufanya ila kufunga kitabu. Dawa ni kutenga siku moja, ukarekodi dakika moja ya ukimya kila baada ya saa moja, kisha ukazisikiliza zote kwa spika za masikioni. Utashangaa ni mangapi yaliyo nyumbani kwako usiyoyasikia. Ukishapata saa tulivu, ishikilie, na usome mahali palepale kila siku, ili sura ya kumi isisikike kama imesomwa katika nyumba nyingine.

Lifuatalo ni umbali, na hapa ndipo wengi hukosea. Maikrofoni ikae kiasi cha shibiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ya njia ya pumzi, ili herufi p na b zisilipuke. Ukipunguza umbali huo kwa nusu, sauti yako huongezeka kwa takriban desibeli 6, ilhali kelele za chumba zinabaki zilivyokuwa. Butiama yenyewe ina ushahidi. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa huko, alifariki mwaka 1999, na hotuba zake bado zinasikika redioni. Nyingine alizitoa viwanjani mbele ya umati mkubwa, lakini maneno yanaeleweka, kwa sababu maikrofoni ilikuwa mbele ya kinywa chake.

Ukikaa karibu namna hiyo huna haja ya kupaza sauti. Soma kama unayemsimulia mtu mmoja aliyeketi karibu nawe. Katika programu, vilele vya sauti viishie kati ya desibeli -12 na -6. Vikigonga sifuri, sauti hukatika kichwa na haitengenezeki. Zima mtandao wa simu ili mtu asikupigie katikati ya sentensi. Kunywa maji kabla ya kuanza, kwa kuwa mdomo mkavu hutoa milio midogo. Acha sekunde chache za ukimya mwanzoni. Ukikosea, piga kofi moja, kisha rudia sentensi tangu mwanzo wake. Alama ya kofi itaonekana wazi wakati wa kuhariri. Hifadhi faili asili katika muundo wa WAV, na usilitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao huibana sauti. Wasomaji wa kujitolea wa LibriVox, mradi ulioanzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, hutoa kazi zao katika MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Kipimo hicho kinatosha kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma.

Hata hivyo, yapo yasiyohitaji marekebisho. Lafudhi ya Kizanaki, ya Kijita au ya Kikuria si kelele. Mtoto wa Mara ana haki ya kusomewa kwa sauti inayofanana na ya watu wa kwao.

Nayasisitiza haya kwa sababu wasikilizaji tunao. Shule ya Msingi Mwisenge mjini Musoma, alikoanza kusoma Mwalimu Nyerere mwaka 1934, hupokea pia watoto wasioona. Mwenye macho akikutana na ukurasa uliofifia hukisia neno kwa umbo lake, au humwomba jirani kitabu kingine. Asiyeona, kitabu chake chote kimo katika sauti yako. Ukimpa sauti iliyochafuka umempa kitabu chenye kurasa zilizochanika, na pengine hana kingine cha kugeukia.

Kwa hiyo kabla ya kusoma kitabu kizima, rekodi ukurasa mmoja tu. Usikilize tangu mwanzo hadi mwisho, kisha mpe mtu asiyekijua kitabu hicho akusimulie alichosikia. Akikwama popote, rekebisha chumba, saa au umbali, na urekodi ukurasa huo tena. Akikusimulia chote, endelea na ukurasa wa pili.