Kivuli cha Kupanda, Ua la Kuacha

Mwembe wa kienyeji uliooteshwa kwa kokwa huchukua miaka sita hivi kabla ya kuzaa, na mingi zaidi kabla ya kutandaza kivuli cha kutosha mkeka wa watu kumi. Urujuani wa Usambara, ua dogo la msituni ambalo wataalamu wa mimea walilipa jina la Saintpaulia, huweza kuchanua kabla mwaka haujaisha tangu jani lake lichomekwe mchangani. Mwembe hufikia mita 30 kwenda juu, ilhali urujuani kwa kawaida hautimizi shibiri. Mwenye uwanja anayejiuliza apande upi huonekana anauliza jambo la jembe na ndoo ya maji tu. Lakini ndani yake limo swali ambalo dini na falsafa zimelihangaikia kwa karne nyingi: je, jema ni lile linalowafaa watu, au lipo jema lisilolazimika kumfaa yeyote?

Mwembe haukuzaliwa Afrika. Asili yake ni Asia ya Kusini, nao ulivuka bahari pamoja na wafanyabiashara. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alisimulia jinsi maembe mabichi yalivyotiwa achari yakaliwa na wali. Kutoka pwani mti huu ulifuata njia za misafara kwenda bara, hadi Tabora na Ujiji, na inaelezwa kuwa ni chini ya mwembe huko Ujiji ndipo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Majina ya wageni hao wawili yamechongwa kwenye kumbukumbu. Aliyekula embe akaifukia kokwa kando ya njia hakuacha jina. Alichoacha ni kivuli, na kivuli hicho kiliwapumzisha wapagazi wengi wasiomjua.

Kivuli chenyewe kinastahili kutazamwa kwa karibu. Majani machanga ya mwembe hutoka na rangi ya shaba, yakining'inia kama yaliyonyauka, kisha hukakamaa na kugeuka kijani kizito. Mti haupukutishi majani yote kwa mpigo, kwa hiyo kiangazi hakiuvui nguo kama kinavyouvua mbuyu. Mizizi huvuta maji ardhini, majani huyatoa yakiwa mvuke, na mvuke huondoka na joto. Ndiyo maana anayeingia chini ya mwembe saa saba mchana huhisi ubaridi usoni hata kabla hajaketi, na aliye chini ya paa la bati haupati. Bati huzuia jua, lakini lenyewe huwaka na kumrudishia joto aliyejificha chini yake.

Mahali palipopoa namna hiyo hapakosi watu. Bao huchezwa hapo, watoto hufundishwa kusoma, ndoa iliyoingia ufa husuluhishwa, na muuza kahawa huegesha birika lake bila kumwomba mtu ruhusa. Sheria ya Kiislamu imeiona hali hii waziwazi: Mtume Muhammad alikataza mtu kujisaidia njiani au kwenye kivuli wanachokitumia watu. Katazo hilo halimtaji mwenye mti. Kivuli kikishatumiwa na watu, kina haki zake, hata kama shina limesimama ndani ya ua wa mtu mmoja.

Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, anayepanda mti huandikiwa sadaka kwa kila kinacholiwa humo na binadamu, ndege au mnyama. Linalogusa hapa ni ndege. Mpandaji anaweza kumwalika jirani, lakini hakuna anayemwalika kunguru wala popo anayelitoboa embe usiku kabla mwenyewe hajalionja. Hasara ambayo mkulima angeilalamikia asubuhi imekwisha kuingizwa upande wa mapato.

Hadithi nyingine, aliyoipokea Anas bin Malik, huenda mbali kuliko hapo. Inamtaka aliye na mche mkononi aupande hata kama Kiyama kinasimama, maadamu anaweza. Amri hiyo ni ya ajabu. Siku hiyo hakutakuwa na mtu wa kukaa kivulini, wala ndege wa kula tunda. Kila faida inayotajwa mti unaposifiwa imeondolewa, na bado mche unatakiwa uingie ardhini. Kwa hiyo mafundisho yaleyale yanayohesabu manufaa ya mti hadi tonge la mwisho la ndege yanafika mahali ambapo manufaa hayahesabiki tena, na kupanda kunabaki kuwa jema. Anayedhani dini huuthamini mti kwa sababu tu unafaa hajaifikiria Hadithi hii mpaka mwisho wake.

Wayahudi wana kisa kinachokaribiana na Hadithi hiyo katika Talmud. Mtu mmoja aitwaye Honi alimkuta mzee akipanda mti wa karobu, akamuuliza utazaa baada ya muda gani. Jibu lilikuwa miaka 70. Alipoulizwa kama anatumaini kuishi muda huo, mzee alieleza kwamba yeye aliikuta dunia ina miti ya karobu, na kama wazee wake walivyompandia, naye anawapandia watoto wake. Waswahili husema mchumia juani hulia kivulini, na methali hiyo ni ya kweli kwa anayelima mpunga au kuvuta nyavu. Kwa mpanda mwembe haitimii hivyo. Yeye huchumia juani, na anayelia kivulini ni mwingine, pengine asiyezaliwa bado.

Leo wengi hununua miche ya kubebesha, inayozaa ndani ya miaka mitatu au minne. Hakuna kosa katika hilo, kwani embe ni chakula na ni fedha. Ila miti hiyo kwa kawaida hubaki mifupi na kutanua matawi karibu na ardhi, hata mtu mzima akitaka kupita chini yake huinama. Anayetaka baraza, si matunda peke yake, bado analazimika kurudi kwenye kokwa na kwenye subira ya yule mzee.

Urujuani unadai jambo jingine. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu anawaelekeza wasikilizaji wake kwenye maua ya kondeni, ambayo hayafanyi kazi yoyote na bado yamevikwa vizuri kumpita Sulemani. Papo hapo anakumbusha kuwa ni majani tu, ya leo, na kesho yatatiwa motoni. Ua limepambwa bila kufanya kazi, bila kudumu, na mara nyingi bila kutazamwa. Kama thamani ingetokana na matumizi, pambo hilo lote lingekuwa la bure.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uamuzi wa uzuri, aliyatumia maua kueleza kile alichokiita uzuri huru. Jengo huhukumiwa kuwa zuri kwa kuangaliwa limekusudiwa nini. Ua hupendeza kabla mtazamaji hajajiuliza ni la kazi gani. Mtu huinama, akaona petali tano za zambarau na vichwa viwili vya njano vya chavua katikati, akatulia. Hakuna alichokipata cha kubeba nyumbani, na hajisikii kupungukiwa.

Pingamizi moja lina uzito. Familia yenye uwanja wa hatua kumi na watoto wanaochomwa na jua haina nafasi ya kuzungumzia uzuri huru. Ni kweli, na kwa familia hiyo jibu ni mwembe, tena upandwe msimu huu wa mvua, mbali na ukuta ili mizizi isije ikainua msingi. Anayemnyima mtoto kivuli kwa ajili ya kupendezwa na ua amekosea mpangilio. Lakini kutangulia kwa mwembe hakulifuti dai la ua. Dai hilo ni la aina nyingine: mwembe humtaka mtu atoe, na ua la msituni humtaka ajizuie.

Historia ya urujuani inaonyesha jinsi kujizuia kulivyo kugumu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka mimea hii kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, aliieleza kitaalamu na kuipa jina la familia ya afisa huyo. Mwaka 1927 kitalu kimoja cha Los Angeles kilianza kuchagua aina za kuuza, na leo zipo maelfu, zinazochanua kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani wakati theluji inaanguka nje. Huku kwenye milima ya Usambara, baadhi ya aina za porini zimo hatarini. Makazi yao ni miamba yenye utando wa kijani na unyevu, kando ya vijito, chini ya miti mirefu kama msambu. Mti ukikatwa, jua hupiga mwamba, utando hukauka, na ua hufa bila mtu kuligusa. Urujuani ni mtoto wa kivuli, na anayetaka kulihifadhi ua atahifadhi kwanza mti ulio juu yake.

Wamijikenda wa pwani ya Kenya wamekuwa na desturi inayofanya kazi hiyo. Katika misitu ya Kaya, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, wazee hukataza kukata miti kwa sababu mahali pale ni pa ibada na pa makaburi. Mimea adimu imesalia humo, ingawa katazo lilitamka heshima kwa wahenga na halikutaja ua lolote.

Bustani, basi, inaweza kuwa na vyote viwili bila kuupora msitu, kwa kuwa urujuani hauhitaji kung'olewa porini. Jani moja kutoka kwenye chungu cha jirani linatosha. Hukatwa pamoja na kikonyo cha urefu wa vidole viwili, likachomekwa upande upande kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, na baada ya miezi miwili hivi vijani vyenye manyoya laini huchomoza pembeni ya kikonyo, vidogo kama masikio ya panya. Katika joto la Dar es Salaam hupata taabu. Kwenye ubaridi wa Lushoto au Limuru hustawi barazani, palipo na mwanga lakini jua kali halifiki. Maji humwagwa kwenye udongo, kwa sababu tone la baridi likikaa juu ya jani huacha doa lisilofutika.