Chuma na Mizani

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baad. Enyi ndugu Waislamu wa Tanga, Pangani na Mrima wote! Watu leo wamekhitalifiana katika khabari ya mashine zijiendeshazo zenyewe, na zile ziandikazo na kuhisabu pasi na mkono wa karani. Wako wasemao kuwa zitawaangamiza wanaadamu; wako wasemao kuwa zitaleta neema kwa wote. Wote wawili wamekitazama chuma, wakamsahau mwenye kukishika.

Mtu wa Tanga hana haja ya kutafuta mfano mbali. Mkonge uliletwa nchi hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Ikaja mashine ya korona, ikaparura majani na kutoa singa kwa wingi ambao mikono isingeuweza. Je, korona ilimpumzisha manamba? La. Kadiri ilivyotaka majani, ndivyo naye alivyohimizwa kuyakata kwa kisu, juani. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa. Kisha zikaenea kamba za plastiki kutoka viwandani kwa bei rahisi, na mwishoni mwa karne ile tani hazikufika 30,000. Faida ilipokuja, fungu la manamba lilikuwa dogo. Hasara ilipokuja, yeye alikuwa wa mwanzo kuibeba.

Na bandarini, meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali, shehena ikaletwa kwa matishari. Kwa kazi iliyoanza mwaka 2019 kina kiliongezwa kutoka mita 3 hadi 13, meli zikafunga gatini. Hiyo ni neema. Lakini mchukuzi wa tishari naye ana haki ya kuuliza fungu lake li wapi.

Na itazamwe Suratul Hadid. Aya ile ile iliyotaja kuteremshwa chuma, nguvu zake na manufaa yake, imetanguliza Kitabu na Mizani. Chuma kisichotanguliwa na mizani hubaki nguvu tupu. Nabii Daud, alayhi ssalam, alilainishiwa chuma, akafanya deraya za kuwahifadhi watu. Karuni alipewa hazina, akadai amezipata kwa ilimu yake, ardhi ikammeza. Ndiyo kauli ya kila tajiri adhaniaye kuwa mashine ni yake peke yake, ilhali ilimu iliyomo imekusanywa na vizazi vya watu.

Basi mwenye mashine asimtoe mfanyakazi kazini pasi na kumlipa haki yake na kumfundisha kazi nyengine. Matajiri watoe zaka kwa hisabu ya kweli, na waweke wakfu wa kuwasomeshea vijana ilimu hizi, kwani ilimu ambayo umma hauna budi nayo ni fardhi kifaya. Isiposimamiwa na yeyote, wote wana dhambi. Na mfanyakazi asikae kitako akingoja. Ajifunze, na adai haki yake kwa wema.

Siku ya Kiyama chuma hakitaulizwa neno. Ataulizwa aliyekimiliki.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja Wake kuisimamisha mizani. Amin.