Nilirekodi Skrini, Nikamwanika Rafiki Yangu



Mwaka huu kaka yangu alinirithisha simu yake ya Samsung Galaxy Z Fold, ile inayofunguka kama kitabu. Imetumika, bawaba yake ina mikwaruzo, lakini jamani, ukiikunjua mezani watu wanageuka. Kwa nje ina kioo chembamba kama simu ya kawaida. Ukiifungua, ndani kuna kioo kipana unachoweza kukigawa: upande huu unachati, upande ule umefungua kitu kingine. Mimi ni katibu wa kwaya, kwa hiyo niliipenda kwa sababu hiyo. Kushoto naweka meseji za wanakwaya, kulia orodha ya michango. Kazi inakwenda.

Siku niliyotenda dhambi hii, kioo kilikuwa kimegawanywa hivyo hivyo.

Mweka hazina wetu ni rafiki yangu tangu Komunyo ya Kwanza. Tulikuwa tunachangishana hela ya hija. Usiku mmoja akaniandikia faragha kwamba sehemu ya hela ameitumia. Mama yake alilazwa ghafla, akalipia matibabu akidhani ataziba pengo mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukapita. Shilingi 180,000. Aliniomba wiki tatu, tena aliniomba nisimwambie mtu hadi aende mwenyewe kwa mwalimu wa kwaya. Nikamjibu, "Usijali." Neno hilo bado lipo kwenye chati yetu.

Nilikaa nalo siku mbili, halafu woga ukaniingia. Mimi ndiye katibu, hela ikijulikana haipo si wataniambia nilikuwa najua? Nikajisemea nahitaji ushahidi. Na kuupata ni rahisi mno. Unavuta menyu kutoka juu, unagusa alama ya kurekodi skrini, inakuuliza kama unataka na sauti, inahesabu tatu, mbili, moja, basi. Kila kinachopita kwenye kioo kinaingia kwenye video. Nikazipitisha meseji zake kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na upande wa kulia nikaacha orodha ya michango. Dakika moja na sekunde kama kumi hivi. WhatsApp haimjulishi mwenzako kwamba unarekodi maongezi yenu. Yeye alikuwa kwao, anamuuguza mama.

Nikamtumia mtu mmoja tu. (Mmoja tu. Sote tunasemaga hivyo.) Kesho yake saa tatu asubuhi video ilikuwa kwenye grupu la kwaya, watu 64.

Kuna kitu sikukiona wakati narekodi. Kurekodi skrini hakuchagui. Katikati ya video, juu kabisa ya kioo, ilishuka meseji ya kunikumbusha mkopo wangu wa simu, kwamba muda wa kulipa umepita. Mimi niliipangusa kwa kidole kama nafukuza inzi. Wanakwaya waliiona. Mmoja akaandika, "Kumbe na katibu naye!" Watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini deni langu lilipita kama utani, la kwake ndilo likabaki midomoni mwa watu.

Mwenye video akaifuta kwa wote, ila waliokwisha kuihifadhi wanayo. Nikaikunja simu, nikaitia mfukoni.

Jumamosi nikaenda kuungama, na nilikwenda nimejiandaa kujitetea. Nikamwambia Padre sikuongeza hata neno moja, sikumsingizia mtu, yote yaliyo kwenye video ni kweli. Akaniuliza kama namkumbuka Hamu, mwana wa Nuhu. Mwanzo, sura ya 9. Nuhu amelewa divai, amelala uchi hemani mwake. Miaka yote nilimchukulia Hamu kama mhuni aliyemcheka baba yake. Rudi ukasome, mstari wa 22. Hakuna palipoandikwa kwamba alicheka. Wala hakudanganya, maana mzee alikuwa uchi kweli. Aliona, akatoka nje, akawaambia wenzake. Ni hayo tu. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaiweka mabegani, wakaingia kinyumenyume nyuso zao zikitazama upande mwingine, wakamfunika. Fikiria shida ya kutembea kinyumenyume ndani ya hema, usiku labda, unapapasa kwa miguu ili tu usimwone mtu katika aibu yake.

Katekisimu namba 2477 inaligusa jambo hili moja kwa moja: kufunua makosa ya mtu kwa wasioyajua, bila sababu ya haki, ni dhambi, hata kama makosa yenyewe ni ya kweli. Na namba 2489 inaongeza kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Sisi vijana tumezoea kuuliza swali moja tu kabla ya kutuma: ni kweli au siyo kweli? Ikiwa kweli, twende.

Usinielewe vibaya lakini. Hela ya hija ni ya watu, haikupaswa kuguswa, na sisemi ifichwe. Tena kama mtu anakutishia, anakudai rushwa ya ngono, au mtoto anaumizwa, rekodi, hifadhi, peleka polisi au kwa mtu mzima unayemwamini, usingoje. Huko ni kumlinda mnyonge. Swali langu ni nani alistahili kuiona video ile. Katika Mathayo 18 Yesu ametoa utaratibu: kwanza wewe na ndugu yako peke yenu, akikataa uchukue mmoja au wawili, akikataa ndipo uliambie kanisa. Rafiki yangu hakukataa hata hatua ya kwanza. Alikuja mwenyewe. Mimi nikarukia grupu.

Na nilikuwa nayasema hayo kwa mtu ambaye hawezi kulirudia neno langu hata moja popote, hata kwa kutishiwa kifo. Mtakatifu Yohane wa Nepomuk alitupwa katika mto Vltava mjini Prague mwaka 1393, na mapokeo yanasimulia kwamba ni kwa kukataa kumwambia mfalme maungamo ya malkia. Mimi sikutishiwa na mtu yeyote.

Nilitarajia malipizi ya Baba Yetu tatu. Padre akaniambia Mungu ananisamehe, ila jina la mwenzangu bado liko mitaani na aliyelipeleka huko ni mimi. Niende kwa kila aliyeiona, uso kwa uso au kwa kupiga simu, siyo kwa meseji. Nimwombe aifute, na nimwambie wazi kwamba aliyevunja siri ni mimi.

Hadi leo nimewafikia 23. Mmoja alifuta mbele ya macho yangu, kisha akaniuliza kama nimelipa ule mkopo. Bado.

Hela ya hija imerudi. Aliileta yote 180,000, siku ya 19, ndani ya zile wiki tatu alizoomba. Alimkabidhi mwalimu wa kwaya mkononi, akaondoka kabla ya mazoezi kuanza. Sauti ya tatu sasa tunaimba bila yeye.

Kwao nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza hakutoka. Mara ya pili alikuwa hayupo, mama yake akanipa kiti na chai, ingawa bado anatembea kwa kushika ukuta. Akaniuliza habari za nyumbani, akalalamikia mvua, akanisifia viatu. Kuhusu video hakusema neno, na najua ameiona. Nilimaliza chai yote nikitazama chini.

Jumamosi nitarudi tena. Mniombee.